Jina la Nne

Ukisoma majarida ya kitaaluma unajua: majina ya waandishi hupangwa foleni pale juu, na wengi wetu tunayaruka. Safari hii tusiyaruke. Mwaka 1978, Prosthetics and Orthotics International, jarida la wataalamu wa viungo bandia, lilichapisha makala kuhusu wayo wa mpira kutoka Jaipur, India. Waandishi ni wanne: Sethi, Udawat, Kasliwal, na mwisho kabisa R. Chandra.

P. K. Sethi alikuwa daktari wa mifupa. Ram Chandra Sharma alikuwa fundi, mchongaji wa ukoo wa mafundi, ambaye shule hakuisoma sana. Alifundisha kazi za mikono hospitalini, na huko akaona jambo: watu waliopewa miguu bandia ya kizungu walikuwa wanarudi kwenye magongo. Kwa nini? Miguu ile ilitaka kiatu. Haikukubali kuchutama wala kukunja miguu sakafuni, na ukiingia nayo kwenye tope la shamba, imekwisha. Sasa mkulima anayetembea peku aifanyie nini?

Inasimuliwa kwamba jibu lilianza na pancha ya baiskeli. Sharma alimwona fundi wa tairi akiupika mpira mpaka ukashika, akajiuliza: kwa nini nisipike wayo? Mwishoni mwa miaka ya 1960, yeye na madaktari wakaupata: wayo wenye umbo na rangi ya mguu wa mtu, unaopinda kila upande, usioogopa maji, na wa bei nafuu.

Mwaka 1981 Sethi alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Alistahili, maana bila yeye wazo la fundi huenda lisingefika wodini. Ila tuzo ilikuwa na jina moja tu.

Ndiyo maana ile foleni ya 1978 naipenda. Historia ya tiba kwa kawaida huwasahau watu kama Sharma: wanaojua kwa mikono lakini hawaandiki makala. Hapa kaingia, japo kwa herufi moja na nukta, nyuma ya wasomi watatu. Anayepitisha macho haraka atadhani ni daktari mwingine tu. Kumbe ndiye aliyekwenda kwa mtu wa tairi.