Mbiu, Punch na Kipaza Sauti cha Matangani

Januari 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge matawi kumi. Chuo kilikuwa hakijatimiza miaka mitatu tangu kipewe hati yake, Februari 2013. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, ni mzaliwa wa Nyamira, jirani ya Kisii, lakini agizo halikupitia nyumbani kwanza. Lilishuka kutoka Nairobi kama mbiu ya mgambo ya miji ya Pwani: mpiga mbiu alipita mitaani, akasema alichotumwa, akaenda zake. Mwenye swali alibaki nalo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na desturi iliyo kinyume cha mbiu. Wanafunzi waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch walibandika ukutani vikaragosi na maneno makali. Mwanzoni waliwakejeli wakubwa, na wapo wanaowasifu mpaka leo kwa ujasiri huo. Mimi siuoni ujasiri wa mtu aliyeficha jina lake huku akianika la mwenzake. Baadaye shabaha ikawa wasichana. Mwaka 1990 mmoja wao aliyeandamwa alijiua, ndipo Punch akapigwa marufuku.

Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, wana jukwaa la tatu: mazishi. Mwanafunzi akifariki, wenzake hupanda basi hadi Borabu au Bobasi, na zamu yao ikifika mmoja hushika kipaza sauti, kabla ya wanasiasa (ambao hawana haraka kamwe). Hujitaja jina, na kabla hajamaliza wazee wameshajua ni wa ukoo gani. Akisema marehemu alibakiza muhula mmoja, shangazi ana haki ya kumwita kando na kumuuliza karo ya muhula uliopita ilifika au haikufika. Desturi hii ina kasoro zake. Husifu kupita kiasi, hufunika aibu za chuo na za familia, tena huchosha. Hata hivyo, kati ya hizo tatu, ni hii pekee inayomwacha mleta habari mikononi mwa wasikilizaji.

Makundi ya WhatsApp ya madarasa yamerithi desturi zote tatu kwa pamoja. Barua ya kufunga chuo ikisambaa usiku, ina nembo kama mbiu na haina mwandishi kama Punch. Basi mwakilishi wa darasa hupigiwa simu, kwa Ekegusii au Kiswahili, aulizwe kaipata kwa nani.