Basi Juu ya Jukwaa

Jumatano ya Aprili 3, 1974, yapata saa kumi na nusu alasiri, wanafunzi wachache wa shule ya sekondari ya Xenia, mji mdogo wa jimbo la Ohio nchini Marekani, walikuwa bado ukumbini wakifanya mazoezi ya igizo la nyimbo. Wenzao walishakwenda nyumbani. Msichana mmoja aliyekuwa anatoka nje akaliona wingu jeusi linazunguka na kuja upande wao, akarudi mbio huku anapiga kelele. Mwalimu akaenda kuchungulia, akaliona kwa macho yake, akawatoa watoto wote jukwaani na kuwalaza chini kwenye korido. Walipoinuka, paa la ukumbi halikuwepo. Juu ya jukwaa, pale pale walipokuwa wakiimba, palikuwa na basi la shule, magurudumu juu.

Kilichopita pale ni tonado. Kwetu sisi tuliokulia na kisulisuli, kile kinachozungusha vumbi na majani uwanjani, na watoto wakaambiwa wakipishe kwa sababu ndani yake mna jini, ni rahisi kudhani kwamba tonado ni kisulisuli kilichonenepa. Hivi ni vitu viwili. Kisulisuli huzaliwa ardhini, jua linapochoma na mbingu haina wingu. Tonado hushuka kutoka tumboni mwa wingu la radi. Katikati ya Marekani, kila majira ya kuchipua, hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu na baridi. Ikiwa upepo wa juu unakwenda kwa kasi na upande tofauti na ule wa chini, wingu zima huweza kuanza kuzunguka, na mara nyingine mzunguko huo hufika chini.

Siku ile ulifika chini mara 148. Katika muda wa saa 24 hivi, tonado zilitua katika majimbo 13 ya Marekani na kugusa hata Kanada, zikaua zaidi ya watu 300. Brandenburg, Kentucky, ilifutika kwa sehemu kubwa, na Guin, Alabama, vivyo hivyo. Lakini Xenia ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu.

Ulikuwa mji wa watu kama 25,000. Tonado iliingia kwa upande wa kusini-magharibi, kwenye mitaa mipya ya Arrowhead na Windsor Park, ambako nyumba nyingi zilisimama juu ya sakafu ya zege bila chumba cha chini cha kujificha. Ikapita katikati ya mji, ikayapindua mabehewa ya treni ya mizigo iliyokuwa njiani. Watu 32 walikufa na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Siku chache baadaye askari wawili wa akiba, waliokuja kusaidia, walikufa kwa moto uliozuka kwenye duka la samani. Karibu nusu ya majengo ya mji yaliharibika au kubomoka kabisa.

Mkazi mmoja aliwasha kinasa sauti ndani ya nyumba yake, kisha akaenda kujificha. Kilipatikana kwenye vifusi, mkanda mzima. Ngurumo inayosikika inapanda na kupanda kama treni inayokuja kukugonga.

Kwa nini hawakufa wengi zaidi? Saa ya tukio ilisaidia, kwani madarasa yaliyobomoka yalikuwa matupu. Na katika mji jirani wa Dayton, mtangazaji wa hali ya hewa wa televisheni, Gil Whitney, aliwaonyesha watazamaji picha ya rada: wingu lenye mkia uliojikunja kama ndoana. Akawaambia watu wa Xenia wajifiche mara moja. Aliyekuwa mbele ya televisheni alisikia. Aliyekuwa barabarani, au bustanini anapalilia, hakuwa na la kusikia, maana Xenia haikuwa na king'ora hata kimoja cha kuonya juu ya tonado.

Kutoka Xenia tonado ilielekea Wilberforce, kilomita chache tu kutoka pale, ikapiga vyuo viwili vya Wamarekani weusi: Wilberforce, kilichoanzishwa mwaka 1856, na jirani yake Central State, ambako majengo mengi yalianguka. Jina hilo si geni Afrika. Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini alihitimu Wilberforce, na Hastings Kamuzu Banda, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Malawi, alisoma hapo miaka ya 1920.

Mjapani Tetsuya Fujita, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliruka kwa ndege juu ya njia za tonado hizo akipiga picha. Mwaka 1945 alikwenda Nagasaki na Hiroshima kusoma jinsi mabomu yalivyoangusha vitu, na mwaka 1971 alitunga kipimo cha tonado cha F0 hadi F5. Xenia ilipewa F5. Mahali pengine aliona miti imelala kama miale ya nyota kutoka kitovu kimoja, kama alivyoona kule Japani. Ndipo alipoanza kuelewa pigo la hewa inayoporomoka kutoka mawinguni, ambalo leo kila rubani hufundishwa kulikwepa.

Rais Nixon alikuja Xenia wiki iliyofuata, Aprili 9, kashfa ya Watergate ikimkaba koo. Gazeti la mji, Xenia Daily Gazette, lilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1975 kwa habari zake za msiba huo. Nyumba zilijengwa upya upesi kuliko wengi walivyotarajia. Sehemu ya katikati ya mji ilikuwa na bahati mbaya: palipokuwa na majengo ya zamani pakawekwa kituo cha maduka chenye uwanja mpana wa kuegesha magari. Kwangu mimi hilo ni pigo la pili, na hili lilichorwa ofisini.

Ving'ora navyo vikawekwa. Jioni ya Septemba 20, 2000, tonado nyingine kubwa, F4, iliingia Xenia karibu na njia ile ya zamani. Mtu mmoja alikufa na kama 100 wakajeruhiwa. Ving'ora havikulia: dhoruba ilikuwa imekata umeme, na havikuwa na umeme wa akiba.