Bahari, Sheria na Umma: Funzo la Baruti Katika Mwambao Wetu

Kada anayetumwa kufanya kazi Mwambao huulizwa mapema: kwa nini samaki wamepungua? Jibu jepesi ni kwamba wavuvi wamekuwa wengi na hawana elimu. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu halitazami historia.

Zamani mvuvi mdogo alivua kwa mshipi, dema na wando, akifuata bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Udhaifu wa zana zake ndio uliokuwa mlinzi wa bahari. Hata hivyo tusiupambe wakati huo. Unyonyaji ulikuwapo: mwenye chombo na nyavu alichukua fungu lake, na mabaharia wakagawana kilichobaki.

Katika miaka ya 1960 baruti ilianza kusikika. Baruti huua samaki mkubwa na mchanga kwa pamoja, na huvunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi. Matumbawe yakivunjika, samaki hana pa kujificha wala pa kulelea. Faida ya siku moja ya mtu mmoja inakuwa njaa ya kijiji kizima.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilipiga marufuku baruti. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa TANU ulisisitiza kwamba wananchi washirikishwe katika kupanga na kuamua maendeleo yao. Mambo hayo mawili yalihitajiana, lakini ufukweni hayakukutana. Mwambao wa Tanzania Bara una urefu wa kilometa 1,424 hivi, na maofisa walikuwa wachache. Mwanakijiji alibaki mtazamaji. Mlipuaji alikuwa jirani yake, mnunuzi alijulikana, na aliyetoa taarifa alirudi kulala kijijini bila mlinzi. Kumlaumu huyo kwa kunyamaza ni kukwepa wajibu wetu.

Mkoani Tanga, tangu mwaka 1994, njia nyingine ilijaribiwa. Vijiji vilikaa, vikapanga maeneo ya kusimamia, vikafunga baadhi ya miamba, na wanakijiji wakafanya doria pamoja na vyombo vya dola. Milipuko ilipungua. Lakini kazi hiyo ilitegemea fedha za wafadhili. Katika miaka ya 2000 doria zililegea na baruti ikarudi. Haikupungua tena sana mpaka vyombo vya dola vilipounganisha nguvu katikati ya miaka ya 2010.

Kwa hiyo nguvu ya dola ni ya lazima, ila peke yake haidumu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilifungua mlango wa vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, maarufu kwa jina la BMU. Huko Songosongo na Kisiwa Panza, vijiji vimewahi kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa. Pweza hukua upesi, basi siku ya kufungua wanakijiji huona wenyewe faida ya kungoja.

Kada afikapo ufukweni aulize mambo matatu. Chombo ni cha nani? Nani ameamua mwamba ufungwe? Na anayeokota pweza kwa miguu, mara nyingi mama, atakula nini mpaka mwamba ufunguliwe? Asiyeweza kujibu swali la tatu asiitishe mkutano wa kufunga mwamba. Kwanza akae na wavuvi, asikilize.