Kilio cha Msanii: Mbolezi na Haki ya Umma Kuomboleza katika Ufuo wa Dunga

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, yamkini umewahi kukutana na swali linalokutaka ueleze sifa na dhima za mbolezi. Jibu la kawaida hutiririka bila taabu: ni nyimbo za huzuni, huimbwa matangani, huwaliwaza jamaa wa marehemu na hudhihirisha mtazamo wa jamii kuhusu kifo. Jibu hilo si baya. Hata hivyo, linamwacha mtahiniwa njiani, kwa kuwa halielezi ni nani mwenye haki ya kuomboleza, wala ni nini hutokea haki hiyo inapozuiwa. Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia vifo vya wanamuziki mashuhuri wa Kisumu na ukanda wa Ziwa Viktoria.

Tuanzie Dunga, ufuo wa wavuvi ulioko kusini mwa jiji la Kisumu, kando ya kinamasi cha mafunjo. Mwanafunzi wa hapa anaweza kuielewa kimai kwa kuwatazama wavuvi na mashua zao. Mbolezi nazo amezisikia nyumbani. Miongoni mwa Wajaluo, wenyeji wa ufuo huu, kilio ni tukio la jamii nzima. Zamani mwanamume mzima alipofariki, wanaume walikimbia na ng'ombe, mikuki na ngao mikononi, wakiigiza vita vya kukifukuza kifo. Desturi hiyo huitwa tero buru. Mchezaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane, naye alikaribishwa matangani kumwimba marehemu na kuutaja ukoo wake. Katika siku za karibuni zaidi, vipaza sauti na disko matanga vimechukua sehemu ya nafasi hiyo.

Kuna kipengele kimoja ambacho mhakiki hana budi kukizingatia, nacho ni pakruok. Katika onyesho la nyatiti, benga au ohangla, mtu husimamisha muziki, hutoa pesa, kisha hujisifu au humsifu rafiki, mpenzi ama kijiji chake. Msanii huyapokea majina hayo na kuyatia katika wimbo. Ukitumia istilahi za darasani, utaona kwamba pakruok inakusanya majigambo na tondozi kwa pamoja. Hadhira hapa haisikilizi tu. Inashiriki katika utunzi. Msanii naye huwa mtunza majina ya watu. Kwa sababu hiyo, mtunza majina anapokufa, wale aliowataja hujiona wana deni: sasa ni zamu yao kumtaja yeye.

Hebu tutazame mifano. Tarehe 17 Mei 2006, Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Misiani alizaliwa upande wa Tanzania, karibu na Shirati, mwaka wa 1940, lakini jina lake lilikulia Kenya kama mmoja wa waasisi wa benga. Alisifika kwa mafumbo ya kisiasa, na aliwahi kukamatwa kwa sababu ya nyimbo zake. Je, kilio chake kilikuwa cha nani? Jamaa zake walikuwa na haki, bila shaka. Lakini pande mbili za mpaka zilikuwa zimeimba naye kwa takriban miaka 40. Mpaka unaoigawa ramani ya ziwa haukuweza kuigawa hadhira yake.

Mfano wa pili ni wa Ayub Ogada, aliyefariki Februari 2019 huko Nyahera, Kisumu. Huyu aliichukua nyatiti na kuipeleka katika majukwaa ya Ulaya. Wimbo wake Kothbiro ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Sifa nyingi alizomiminiwa baada ya kifo zina kinaya ndani yake: ala iliyozoea kuwasifu wafu ilimpata mchezaji wake akisifiwa kwa sauti kubwa zaidi baada ya kufa kuliko alipokuwa hai. Tanzia za aina hii humsifu marehemu, na papo hapo huwasuta walio hai.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi. Juni 2020, mwanamuziki wa ohangla Abenny Jachiga alifariki. Jina hilo la pili lina maana ya mtu wa Chiga, kijiji kilicho mashariki ya jiji la Kisumu. Ulikuwa wakati wa ugonjwa wa korona. Kanuni za serikali ziliruhusu watu wasiozidi 15 mazishini, na maziko yalitakiwa kufanywa haraka. Mashabiki walikataa. Vijana waliunyakua mwili wa marehemu ili azikwe kwa heshima waliyoiona kuwa stahili yake. Polisi walitumia vitoa machozi, na hatimaye msanii akazikwa katikati ya vurugu hizo.

Wako waliolihukumu tukio hili kwa neno moja: utundu. Msomaji asiridhike upesi hivyo. Maafisa walikuwa na hoja nzito, kwani maradhi yalikuwa yakiua na mkusanyiko wa watu ungeweza kuzaa vilio vingine. Vijana walihatarisha maisha yao na ya wazee wao. Hilo halipingiki. Lakini swali la mhakiki ni tofauti na la askari. Mhakiki huuliza: kitendo hiki kilikuwa kinasema nini? Methali yasema kwamba kifo cha wengi ni harusi. Maana yake ni kuwa huzuni inayobebwa na wengi hupungua uzito. Watu 15 wangeweza kuubeba mwili wa Jachiga hadi kaburini. Hawangeweza kubeba kilio cha hadhira iliyotajwa na kutajana katika maonyesho yake. Mashabiki walinyimwa uwanja wa mbolezi, nao wakautwaa mwili, kwa sababu ndio uliobaki kuwa uwanja.

Mtu anaweza kupinga kwamba maziko ya haraka si lazima yawe dharau. Ni kweli, na mfano ulioko pwani unalithibitisha hilo. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alifariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013 na kuzikwa kesho yake huko Kitumba. Kwa Waislamu, kumharakisha maiti kaburini ni kumstahi. Umati ulifika, na Rais Jakaya Kikwete alihudhuria. Vilevile, mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, maelfu walimuaga katika viwanja vya Leaders Club kabla ya maziko yake ya tarehe 10, makaburini Kinondoni. Wawili hawa walizikwa bila kukawia, lakini hadhira haikufungiwa mlango. Kwa hivyo kilichowaumiza mashabiki wa Jachiga hakikuwa saa chache tu. Kilichowaumiza ni kuambiwa kwamba wao si wafiwa.

Tofauti hiyo ina faida darasani. Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu mbolezi, asiishie kwenye huzuni. Kwanza, aonyeshe muktadha: je, ni matanga ya wazi au ni mazishi yaliyodhibitiwa? Pili, aeleze nafasi ya hadhira, kwa kuwa katika fasihi simulizi hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe. Tatu, ataje dhima ambazo vitabu huzipuuza: mbolezi hudai haki, hulipa deni la sifa, hulaumu walio hai na hutangaza nani ni mwana wa jamii. Jibu lenye mambo hayo litakuwa na uhai, mradi kila hoja iambatane na mfano.

Nawe mwalimu, hasa unayefundisha karibu na ziwa, usione haya kuipokea mifano ya Dholuo katika somo la Kiswahili. Dhana ya mbolezi haifungwi na lugha moja. Waagize wanafunzi wakusanye mbolezi vijijini mwao, kwa idhini ya wafiwa, kisha waeleze kwa Kiswahili ni nani aliimba, nani aliitikia na nani alitajwa. Wafunze pia kuwa yapo matanga ambayo hayafai kurekodiwa, na kunyamaza ni sehemu ya adabu ya utafiti.

Mamlaka zitaendelea kuweka kanuni za mazishi, na wakati mwingine zitakuwa na sababu njema. Litakuwa jambo la busara zikikumbuka kumtengea shabiki mahali pa kulia, hata kama ni redioni au barabarani jeneza likipita. Wasanii wataendelea kufa, na hakuna kanuni itakayowaondolea mashabiki wao deni la kuwataja.