Jiwe la Mwezi: Zawadi ya Rais ama ya Wananchi?

Wasee, leo tuongee kuhusu zawadi. Si zile za mbuzi na mkuki wanasiasa hupewa wakienda mashinani. Hii ni zawadi inayotoshea kwenye ukucha wako, na imesafiri karibu kilomita 384,000 kufika hapa duniani.

Mwaka 1969, Apollo 11 iliporudi kutoka mwezini, Rais Richard Nixon wa Marekani aliamua kugawia dunia kitu kidogo. Nchi 135 zilitengewa kibao cha mbao chenye bendera yao iliyopelekwa mwezini na kurudishwa, na juu yake vipunje vinne vya mwezi ndani ya plastiki ngumu. Uzito wa vipunje vyote ni karibu gramu 0.05, yaani ukipiga chafya vibaya umemaliza zawadi. Kenya ilikuwa kwenye orodha, enzi za Mzee Jomo Kenyatta.

Halafu Desemba 1972, Apollo 17. Eugene Cernan na Harrison Schmitt, watu wa mwisho wa Apollo kutembea mwezini, wakaokota jiwe na kusema mbele ya kamera kwamba lingefaa kugawanywa kwa nchi za dunia. Na hapa ndipo sisi tunaingia: walikuwa wakiwasalimia vijana kutoka nchi nyingi waliokuwa wamealikwa Houston. Jiwe hilo, sampuli nambari 70017, likakatwakatwa. Kila nchi ikapata kipande cha karibu gramu 1.1 ndani ya mpira wa plastiki, tena na bendera yake.

Sasa sikia vizuri. Kwenye kibao waliandika kwamba zawadi ni kwa wananchi wa nchi fulani. Hawakuandika jina la rais. Lakini wananchi hawana mkono mmoja wa kupokea, kwa hivyo aliyepokea alikuwa rais, waziri mkuu ama jenerali aliyekuwa kwa kiti wakati huo. Shida yote ilianzia hapo kwa mkono.

Chukua Honduras. Ilipewa jiwe la Apollo 17 mwaka 1973, wakati nchi ilikuwa chini ya jeshi. Jiwe likakaa ikulu, kisha likapotea kimyakimya. Miaka ya tisini likaibuka mikononi mwa kanali mstaafu, akaliuzia mfanyabiashara wa Florida. Mwaka 1998 afisa wa NASA anayeitwa Joseph Gutheinz akaweka mtego: tangazo kwenye gazeti la USA Today kwamba kuna mtu anatafuta mawe ya mwezi. Jamaa akapiga simu, akataka dola milioni 5 kwa kipande cha gramu 1.1. Wakamnyang'anya jiwe, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2003 jaji akaamua kwamba kulingana na sheria za Honduras, lile jiwe lilikuwa mali ya umma na hakuna mtu angeweza kuliuza hivyo tu. Likarudishwa kwa wenyewe.

Usiharakishe kusema hiyo ni tabia ya madikteta tu. Ireland haikuwa na dikteta. Jiwe lao la Apollo 11 lilikuwa kwenye kituo cha kutazama nyota cha Dunsink, Dublin. Mwaka 1977 pakashika moto, na vifusi vikazolewa na kutupwa jalalani, jiwe likiwa ndani. Hakuna aliyeliiba. Ni vile tu hakuna aliyelikumbuka kwa wakati. Malta nao, mwaka 2004 mwizi aliingia kwenye makumbusho ya Mdina akabeba jiwe na kuacha bendera. Huyo alijua bei ya bidhaa.

Na kuna ile ya Uholanzi, ambayo inachekesha mpaka inauma. Makumbusho makubwa ya Rijksmuseum yalikuwa na jiwe lililotoka kwenye vitu vya marehemu Willem Drees, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Kila mtu aliamini ni la mwezi. Mwaka 2009 wataalamu wakalipima: ni kipande cha mti uliogeuka jiwe. Zawadi ya kiongozi ilikaa kama kitu cha nyumbani kwake, bila karatasi za kueleza imetoka wapi, na hadithi ikajazwa baadaye.

Ukiziweka stori hizi pamoja, unaona zawadi ya umma hupotea kwa njia mbili: tamaa na usahaulifu. Tamaa tunaipigia kelele kila siku. Usahaulifu hatuuoni, kwa sababu hauna sura ya kuweka kwenye picha. Lakini angalia kilichookoa jiwe la Honduras. Mtego wa Gutheinz ulilinasa tu. Kilichofanya lirudi nyumbani ni kwamba sheria ya nchi ilikuwa wazi kuhusu mwenye mali.

Hapa Kenya tuna sheria kama hiyo, na wengi wetu hatujui. Kifungu cha 76 cha Katiba ya 2010 kinasema zawadi anayopewa afisa wa serikali kwenye hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri, na lazima ikabidhiwe serikali, isipokuwa kama sheria ya Bunge imeruhusu vingine. Soma tena. Ile saa, ule mchoro, ule upanga wa dhahabu rais anapewa akisafiri, kwa kawaida si wake. Ni wako na mimi.

Na usiniambie mambo ya anga ni ya wazungu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waliipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi hii. Wanasayansi wa dunia nzima wanalijua hilo jina. Je, wewe shuleni ulifundishwa?

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Tuwe na orodha ya wazi ya zawadi zote ambazo marais wetu wamepokea kwa niaba yetu tangu 1963: ni nini, ilitoka kwa nani, iko wapi. Iwekwe mtandaoni, mtoto wa Kayole na wa Lodwar waisome bila kulipa. Mali ya umma isiyoandikwa popote hata mwizi haihitaji. Inatosha watu waisahau.