Mcheza dansi anapopanda jukwaa la uhalisia pepe

MCHEZA dansi hutegemea mwili wake wote kujua alipo. Kioo cha ukumbi wa mazoezi humwonyesha mkono umekaaje, sakafu humwambia mguu umetua wapi, na pumzi ya mwenzake humjulisha wakati wa kunyanyuana. Katika uhalisia pepe, yaani mazingira yanayotengenezwa na kompyuta na kuonwa kupitia miwani maalumu, tegemeo hilo hubadilika kwa kiasi kikubwa.

Ushirikiano wa dansi na kompyuta haukuanza leo. Mwaka 1999, mtunzi wa dansi wa Marekani, Merce Cunningham, alionyesha mjini Berkeley, California, kazi iitwayo BIPED, ambamo mijongeo ya wachezaji ilinaswa, ikageuzwa michoro na kumulikwa kwenye pazia jepesi mbele ya wachezaji halisi.

Mwaka 2017, Gilles Jobin wa Geneva, Uswisi, akishirikiana na taasisi ya Artanim, alitoa VR_I. Watazamaji watano kwa mara moja, wakiwa na miwani usoni na kompyuta mgongoni, walitembea katikati ya wachezaji waliokwisha kunaswa, baadhi yao wakionekana kama majitu. Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kutokana na ugonjwa wa Uviko-19, Jobin alitoa La Comédie Virtuelle, ambamo wachezaji walicheza papo hapo mbele ya watazamaji waliokuwa mbali.

Ili mwili uingie katika kompyuta, mchezaji huvaa suti ya kubana yenye vitufe vinavyoakisi mwanga na kufuatiliwa na kamera nyingi, au yenye vihisio vinavyopima mzunguko na kasi ya viungo. Kompyuta hukusanya vipimo hivyo na kuuendesha mwili wa kuchorwa.

Hapo ndipo ugeni huanza. Mchezaji akivaa miwani, haioni miguu yake ya kweli, na uzito wa kifaa kichwani, ambao kwa baadhi ya miwani ni takriban nusu kilo, huvuruga mizani anapozunguka. Picha ikichelewa kidogo tu nyuma ya kichwa, macho na sikio la ndani hupishana, na kizunguzungu au kichefuchefu hufuata. Aidha, akipewa umbo lenye mikono mirefu kuliko yake, hulazimika kujifunza upya umbali wa kila kitu.

Pengo kubwa zaidi ni la mguso. Wachezaji wawili walio miji tofauti wanaweza kuonekana wameshikana, lakini hakuna anayebeba uzito wa mwenzake. Hadhira nayo haisikiki ikishusha pumzi.

Hata hivyo, zipo faida. Mchezaji huweza kupaa, kuwa mkubwa kama jengo, au kucheza na mwenzake aliye bara jingine bila kupanda ndege. Kwa mwenye haya, kujificha nyuma ya umbo lisilo lake huweza kumpa ujasiri.

Suala zito linalobaki ni la haki. Mjongeo ukishanaswa, unaweza kurudiwa maelfu ya mara bila aliyeucheza kuwapo. Mwaka 2022, mtunzi wa dansi Kyle Hanagami aliishitaki nchini Marekani kampuni ya Epic Games, akidai mchezo wa kompyuta wa Fortnite ulitumia sehemu ya dansi yake. Kesi ilitupwa mwaka huo huo, lakini Novemba 2023 mahakama ya rufaa iliifufua, ikikataa hoja kwamba dansi ivunjwevunjwe na kupimwa kwa mkao mmoja mmoja. Pande hizo zilimaliza shauri kwa makubaliano mwaka 2024.

Kwa hiyo, mchezaji anayealikwa kuvaa suti hiyo ana mambo mawili ya kuuliza kabla ya muziki kuanza: atalipwa nini kwa siku ya kunaswa, na mkataba unasemaje kuhusu mijongeo yake baada ya yeye kuvua suti na kwenda nyumbani.