Uzi na Mwenendo-Msingi katika Programu za Sauti

Uzi, katika elimu ya kompyuta, ni mfululizo wa amri ambazo mashine huzitekeleza moja baada ya moja, na programu moja yaweza kuwa na nyuzi kadhaa zitendazo kazi sambamba. Wala hapana mahali ambapo jambo hili hudhihirika upesi kama katika programu za kutengenezea sauti, kwa kuwa sikio halivumilii kukatizwa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Tuitazame programu ya Pure Data, iliyoanzishwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, ambayo huikokotoa sauti kwa mafungu ya sampuli 64, yaani, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu moja kila baada ya milisekunde moja na nusu takriban. Fundi wa Tunduma aliyerekodi ngoma ya Wanyamwanga kwa maikrofoni mbili, akalipakia faili lake refu kwa kifaa kiitwacho soundfiler ilhali sauti nyingine inachezwa, ataisikia ikikatika, kwani kifaa hicho hulisoma faili zima katika uzi uleule unaokokotoa sauti. Ni kama lori lenye hati nyingi lililoshika dirisha pekee la forodha, na msafiri mwenye kikaratasi kimoja cha kuvukia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akalazimika kungoja nyuma yake. Kifaa cha pili, readsf~, hujifungulia uzi wake, kikaisoma diski pembeni huku sauti ikiendelea.

Lakini nacho chataka hadhari: kisipotajiwa idadi ya chaneli hutoa moja tu, na maikrofoni ya pili, ambayo huenda ndiyo iliyoelekezwa kwa waimbaji, haisikiki kabisa.

Wafasiri wa programu za simu wamezoea kulitafsiri neno la Kiingereza default kwa chaguo-msingi, nami nalikubali kwa dhati pale penye thamani ya kuchagua, mathalani idadi hiyo ya chaneli; ama kwa tendo ambalo kifaa hulifanya kwa maumbile yake, bila mtumiaji kupewa hiari ya kulibadili, naona mwenendo-msingi ndilo tamko liafikilo, na atakayeliita chaguo atampeleka mwanafunzi kutafuta kitufe kisichokuwapo. Katika maelezo ya readsf~, basi, ningeandika hivi: mwenendo-msingi: husoma diski katika uzi wake; chaguo-msingi: chaneli moja.